Matusi Hubaki Mlimani

Kijijini kwetu Nezasa tuna adabu za kukera. Mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Jirani akikesha anapiga ngoma, asubuhi unamsifu kwamba ana mkono mwepesi, na yeye anaelewa, na ngoma hailii tena. Ndivyo tulivyo. Wazee wa zamani walijua kwamba mtu akimeza kila kitu mwishowe atapasuka, kwa hiyo wakatuachia siku moja ya mwezi wa Desemba ya kupanda Mlima Torinomine na kutukana mpaka koo zikauke.

Siku hiyo wanaume wachache huvishwa vinyago vya tengu, yale mazimwi ya mlimani yenye uso mwekundu na pua ndefu, wakapanda ngazi za mawe hadi hekaluni. Watu wanawafuata kila upande wakiwaporomoshea: mjinga, zuzu, bwege, pua ndefu akili fupi! Tengu hajibu. Akijibu, hata kwa kuguna, kijiji kizima kitapata mwaka mbaya, na yeye atachekwa mpaka kaburini. Kengele ya hekalu ikilia, basi, imekwisha. Yaliyosemwa mlimani hubaki mlimani. Ukiyateremsha, yaani ukimkumbusha mtu huku chini mliyoambiana kule juu, hakuna atakayekuuzia hata kitunguu. Mimi leo nayateremsha. Wakininyima kitunguu nitakula tofu, ile jibini ya maharage ya soya, ninayo tele.

Siku hizi wageni ndio wengi. Binti mmoja wa ofisi ya utalii, Wakana, aliandika mahali kwamba huku kwetu kuna sherehe ambayo wasafiri hawaijui, ukija unaruhusiwa kumtukana mtu usoni bila kosa. Wee! Mabasi yakaanza kuja. Anawafundisha matusi wakiwa njiani, wakishuka wameshayakariri. Lakini mgeni ni mgeni. Mwaka juzi bwana mmoja aliyefunga tai aliinama kwanza mbele ya tengu, akasema, "Samahani kwa usumbufu, wewe ni mjinga." Akainama tena. Wenyeji wenyewe walikuwa wameacha. Tulikuwa tunasimama pembeni tunauza vitu, tunawaachia wageni watutukanie.

Mimi ni Tetsuro. Jina la ukoo ni Kuwabara, lakini sikuzaliwa nalo. Nilizaliwa Sugaya, kisiwa cha kusini kabisa, nyumba iliyo juu ya mteremko wa michungwa. Nilipompenda Michiyo, baba yake, Mzee Kinsaku Kuwabara, alikuwa mtengeneza tofu asiye na mtoto wa kiume. Kwetu Japani jambo hilo lina dawa yake: bwana harusi anahamia kwa mke, anachukua jina la mkwe, anachukua kazi ya mkwe, anawafukizia ubani wafu wa mkwe. Tuseme ukweli tu, sikuoa, niliolewa. Acheke anayecheka. Siku ya harusi niliingia kwa mlango wa mbele na koti jeusi, na tangu siku hiyo nikawa napita wa nyuma. Wa mbele ni wa wateja na majeneza.

Tofu si kazi, ni kifungo. Maharage yanalowekwa jioni, yanasagwa alfajiri, yanachemshwa, yanakamuliwa, yanagandishwa, na kufikia jioni yameshaliwa na unaanza tena. Haina Jumapili. Mikono inashinda ndani ya maji baridi mpaka inakuwa myekundu na kupasukapasuka, na baridi ya Desemba inaingia kwenye kila ufa. Mzee alinifundisha kwa kunyamaza. Nikikata vibaya, alikuwa anakitupa kipande kwa paka na kuondoka. Hakuwahi kuniita jina. Ni "We!" tu. "We, leta mafuta." "We, funga dirisha." Hatukujaliwa mtoto mimi na Michiyo, na hilo pia hakulisema, na kwa jinsi alivyokuwa halisemi nilikuwa nalisikia kila siku mezani.

Sasa, mwaka huo mama yangu alianza kupotea. Alikuwa akiishi peke yake kule kisiwani, na jirani yake Bi Hatsue ndiye aliyenipigia simu, ile ya dukani ambayo kila mtu nyumbani anaisikia. Akasema, "Tetsuro, mama yako anapika wali wa watu wawili kila jioni. Mtu wa posta akipita anamwita Tetsuro, anamuuliza, umeshakula? Jana ameniuliza mimi ni nani." Walikuwa wameshamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee ng'ambo, mjini. Jumatatu baada ya sherehe watu wangekuja kumchukua. Nilitaka kufika kabla yao. Nilitaka anione nikiingia kwenye nyumba yake mwenyewe, angali anaujua uso wangu, maana akishahamishwa na kuchanganyikiwa sikuwa na hakika nitamkuta nani. Nilikuwa nalitaka hilo kuliko pumzi.

Ungeniambia, si uombe ruhusa uende? Unaombaje! Desemba ndiyo oda za mwaka mpya zinafurika. Mzee ana zaidi ya miaka themanini na nyonga mbovu. Na mtu aliyehamia kwa mkwe, mama yake si mzigo wa nyumba ile, huo ndio mkataba hata kama haukuandikwa. Hata hivyo nilijaribu, kwa njia zetu. Tukiwa tunakata tofu, nikasema:

"Baba, nasikia machungwa ya kisiwani yameiva mwaka huu."

Akakata kipande, akakata kingine. "Machungwa huiva kila mwaka," akasema.

Basi, mlango umefungwa. Nikajifungia chooni nikauma taulo. Siku hiyohiyo nikafungasha begi dogo, nikalificha ghalani nyuma ya magunia ya maharage. Nilipanga baada ya sherehe, watu wakiwa wamelewa pombe ya hekalu, nitoke kwa mlango wa nyuma nidandie basi la mwisho. Nilijua maana yake. Mkwe aliyetoroka harudi. Ningempata mama nimpoteze Michiyo, na nikibaki, ningebaki na Michiyo nimpoteze mama. Nilikuwa nimebanwa kama maharage kwenye kitambaa cha kukamulia.

Kama vile hayo hayatoshi, kura ya vinyago ikaniangukia mimi.

Kura ile ni siri. Kuhani anakunong'oneza sikioni, hata mkeo hutakiwi kumwambia. Asubuhi ya sherehe nikaaga kwamba naenda kusaidia kufagia hekalu, nikavishwa joho na viatu vya majani, na kile kinyago kikafungwa nyuma ya kichwa changu kwa fundo ambalo wewe mwenyewe huwezi kulifungua. Ndani ni giza. Kuna vitundu viwili vya macho, na harufu ya rangi ya zamani na pumzi za wanaume waliokwisha kufa. Pumzi yako inagonga mbao inakurudia usoni. Nikaanza kupanda ngazi kama mtu aliyezikwa hai.

Wageni walikuwa wamejaa. "Mjinga!" "Mpumbavu!" "Rudi kwenu!" Huyo wa mwisho nusura nimkumbatie. Mama mmoja wa Osaka, mnene, mchangamfu, koti lake lina madoa ya chui, alinisogelea na simu yake mkononi ananirekodi. "We pua! Hiyo pua unaanikia soksi?" Watu wa Osaka hawahitaji kufundishwa. Wakana, na bendera yake ndogo, akacheka mpaka akakaa chini.

Tulipofika katikati ya mlima, penye taa za mawe, nikamwona Mzee Kinsaku.

Nilidhani macho yananidanganya. Mzee hakuwa ameupanda mlima ule tangu nyonga ilipoharibika. Lakini alikuwa pale, ameegemea fimbo, Michiyo amemshika mkono upande wa pili, wote wawili wanahema. Alikuwa anawaangalia tengu wanavyopita. Hakuangalia nyuso. Aliangalia mikono. Nilipofika mbele yake akainua fimbo akanizuia njia.

"We!" akasema.

Nikageuka pembeni.

"Ndiyo, wewe mwenye mikono myekundu! Unageuka wapi? Mikono hiyo nimeiharibu mimi, unadhani sitaijua?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Mjinga wewe! Miaka yote umekaa nyumbani kwangu kama jiwe juu ya pipa la achari. Umekandamiza tu! Husemi! Halafu unakuja kunipigia hadithi za machungwa. Machungwa, machungwa! Mimi nafanana na muuza matunda?"

Watu wakaangua kicheko. Mama wa koti la chui akasogea karibu na simu yake.

"Mama yako anakuita, wewe umesimama unakata tofu! Mwanaume mzima! Unamwogopa nani? Mimi? Mzee ninayevishwa soksi na binti yangu?" Akakohoa, Michiyo akampapasa mgongo, akamsukuma mkono. "Niache! Na begi! Hivi nani anaficha begi nyuma ya maharage kwenye nyumba ya mtengeneza tofu? Maharage ndiyo ninayoyakagua kila siku ya Mungu, zuzu wewe! Bwege! Ningekuwa mwizi ningependa nikamatwe na mtu kama wewe!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mimi machozi yalikuwa yameshaanza. Ndani ya kinyago machozi hayana pa kwenda, yanajaa kidevuni yanaingia shingoni. Sikuweza kuyafuta. Sikuweza kusema "Baba". Ulimi ulikuwa mdomoni, kijiji kizima kinanitazama, na neno moja tu langu lingewaharibia mwaka.

Mzee akapiga fimbo chini.

"Nenda kwa mama yako, mpumbavu! Lakini utoke kwa mlango wa mbele, kama mtu! Usinitie aibu ya kutorokwa!"

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni maigizo yaliyopangwa. Bwana mmoja hata akapiga mluzi. Michiyo alikuwa ameinamisha uso kwenye skafu, na mzee akageuka akaanza kushuka, ngazi moja moja, hakuangalia nyuma. Tengu aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma kwa fimbo yake niendelee kupanda. Nikapanda.

Kengele ikalia. Nilipovuliwa kinyago nilikimbia ngazi zile kama mtoto. Nilikuwa nimeruhusiwa! Nilifika karibu na mto, pale panapoonekana bati la duka letu, ndipo miguu ikaanza kupoa. Nimeruhusiwa na nani? Wapi? Maneno yale yalibaki mlimani. Huku chini hakuna aliyesema kitu. Nikichukua begi nikasema, "Baba, kama ulivyoniambia," nitakuwa nimeyateremsha, nimemvua nguo mzee mbele ya kijiji. Nikiondoka bila kusema, nimetoroka vilevile. Alinifungulia mlango ambao siwezi kuutumia, yule mzee! Nilisimama pale darajani nikamtukana kimyakimya, na kengele imeshalia.

Dukani foleni ilikuwa mpaka barabarani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya karai la mafuta, anakaanga tofu, uso mkavu kama hajatoka tangu asubuhi.

"We, leta mafuta," akasema.

Nikaleta mafuta. Nikajaribu. "Baba, kuhusu..."

"Chini kidogo. Usimwage."

Nikaingia nyuma, nikamkuta Michiyo anaosha vitambaa. "Basi litaondoka," akasema bila kuinua kichwa.

"Si amesema nitoke kwa mlango wa mbele!"

"Nani amesema?"

"Michiyo! Ulikuwepo! Ulimshika mkono!"

"Sikuwa popote. Nimeshinda hapa na vitambaa." Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini sauti ilikuwa ya chuma. "Usiniponze, mume wangu. Wala usimponze yeye. Kwani wewe huna mdomo? Nenda kamwombe mwenyewe, hapahapa chini."

Nikarudi mbele. Nikasimama kando ya mzee. Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, sijui nisemeje. Kinyago kilikuwa kimevuliwa lakini mdomo ulikuwa bado umefungwa. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwomba mtu yule kitu chochote, hata chumvi mezani nilikuwa nasubiri mpaka amalize kuitumia. Nikafungasha tofu. Nikapokea pesa. Nikainama kwa wateja. Kituo cha basi kinaonekana kutoka dukani, na watu walikuwa wameshaanza kupanga mizigo.

Ndipo koti la chui likafika kaunta.

"Tofu ya kukaanga, nipe kubwa, mwanangu," akasema yule mama wa Osaka. Halafu akamwona mzee. "Heee! Si ndiye huyu! Jamani, mzee, ulinivunja mbavu leo! Nenda kwa mama yako, mpumbavu! Nimeshawatumia dada zangu wote!"

Wenyeji wote wakaangalia viatu vyao. Muuza miso, ile rojo ya soya ya kuungia supu, jirani yetu, alijifanya anafunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa mabuti.

Wakana akaja mbio, uso umemwiva. "Mama, jamani! Si niliwaeleza ndani ya basi! Huku chini hayasemwi!"

"Nilikuwa nakula," akasema yule mama. Simu ilikuwa mkononi, kidole kimeshabonyeza. Sauti ya mzee ikatoka, nyembamba, inakwaruza, lakini ni yake: mama yako anakuita, wewe umesimama unakata tofu. Ikaendelea mpaka mwisho, na makofi, na mluzi. Mafuta tu yalikuwa yanachemka.

Mzee Kinsaku akaweka chini vijiti vyake. Akatoa miwani kwenye mfuko wa aproni, akaifuta, akaivaa, akaomba simu. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Simjui mzee huyo," akasema.

Basi, nikajua yamekwisha, ameyakana.

Mzee akairudisha simu. "Simjui," akasema tena, "lakini ana akili. Ninayemshangaa ni huyo mwenye pua. Mtu kaambiwa yote hayo, kasimama tu kama gogo."

"Haruhusiwi kujibu, mzee!" akasema yule mama wa Osaka. "Hata mimi hilo nimelisikia, na nilikuwa nakula."

Mzee akavua miwani. Akachukua vijiti, akageuza kipande cha tofu ndani ya mafuta, polepole, upande wa pili. Hakuniangalia.

"Kengele si imeshalia?" akauliza.

Sikumbuki niliwekaje chini kile nilichokuwa nimeshika. Nakumbuka nilipiga magoti palepale sakafuni penye maji, mbele ya wateja, paji la uso likagusa saruji.

"Baba," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mama yangu anapotea. Naomba niende nikamwone kabla hajanisahau. Nitarudi. Naomba, Baba."

"Kumbe unajua kuongea," akasema mzee. Akapenga kamasi kwenye kitambaa. "Nenda basi. Unawazibia wateja njia."

Michiyo alikuwa ameshasimama nyuma yangu na begi, lina vumbi la maharage. Nilipita katikati ya foleni, mlango wa mbele, na aproni yangu bado kiunoni, watu wanainama huku na huku kana kwamba ni harusi. Nilipogeuka, mzee alikuwa amekunja mikono ya shati na kuitumbukiza mikono yake ndani ya beseni la maji baridi, kazi aliyokuwa ameniachia miaka mingi, na alikuwa anakata tofu, ameuma meno kwa baridi. Nililia kwenye basi lile lililojaa wageni kama mjinga. Mama wa koti la chui alinilisha tofu yangu mwenyewe njia nzima.

Nilifika kisiwani kesho yake jioni, kwa treni na meli, Jumatatu ingali mbele. Mlango ulikuwa wazi. Mama, mdogo kuliko nilivyomwacha, alikuwa amekaa mbele ya meza fupi yenye mabakuli mawili ya wali. Akainua uso.

"Tetsuro, umeshakula?"

Nikasimama mlangoni na viatu mkononi. Hayo ndiyo maneno anayomwambia mtu wa posta. Nilimtazama machoni, nikatafuta, sikuona kitu cha hakika. Nikakaa mbele ya bakuli la pili.

"Bado, mama," nikasema.

Akanisogezea vijiti. Akaniangalia ninavyokula, kwa muda, halafu akaushika mkono wangu, akaupindua chini ya taa, akapitisha kidole chake kwenye nyufa moja baada ya nyingine.

"Yule mzee wako mkali," akasema, "amekuruhusu?"

Nikataka kumwambia yote, fimbo, machungwa, begi na maharage, angecheka mpaka ashike mbavu. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikameza wali.

"Nilimwomba, mama," nikasema. "Akaniruhusu."